Cherehani si Ajira: Majibu kwa Barua Zenu kuhusu Ufundi na Kazi kwa Vijana

Namna ya kujaza fomu ya chuo sitaieleza hapa. Ofisi ya chuo chenyewe itakuelekeza. Nimechagua barua zinazonikosesha usingizi.

Nimepigiwa simu kuwa kazi ipo, nitume hela ya fomu. Nitume?

Usitume. Barua za namna hii zimetoka Mwanza, Tabora, Lindi na Gongo la Mboto, na hadithi ni moja: leo hela ya fomu, kesho ya usajili, keshokutwa ya vipimo vya afya, kisha simu haipatikani. Wakala halali hulipwa na mwajiri. Serikali ina chombo chake cha huduma za ajira, TaESA, ambacho kazi yake ni kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri. Na ninyi mabinti mnaoahidiwa kazi za ndani Oman na kwingineko katika nchi za Ghuba: msipande ndege kwa viza ya matembezi, wala kabla ya kusoma mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara na siku ya mapumziko. Anayewaharakisha ana lake jambo.

Mwanangu hakufaulu kidato cha nne. Ni kweli VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, ni ya waliofeli?

Hapana. Na usimwambie hivyo tena.

Kikundi chetu kimepata mfadhili wa vyerehani 30 kwa wasichana walioacha shule. Tuanzeje mafunzo?

Kabla ya kumwita mwalimu, niambieni: nani atanunua watakachoshona? Barua yenu ina kurasa mbili, na mteja hatajwi hata mara moja.

Nimechoshwa na imani hii kwamba ukimpa kijana kifaa, umempa kazi. Hebu tuifuate hadi mwisho. Wasichana 30 wa kata moja wanahitimu siku moja, kwa ufundi mmoja. Wateja wao ni majirani wale wale, ambao hushona nguo mpya wakati wa Idi, Krismasi na shule zinapofunguliwa Januari. Miezi mingine ni kubadilisha zipu na kupunguza suruali. Mtaani tayari wapo mafundi wenye wateja wao, na gulioni mtumba umening'inia, unavaliwa leo leo.

Binti ana cherehani, lakini hana kodi ya fremu, hana uzi wala bitana, hana mashine ya ovaloki ya kumalizia mshono. Amefundishwa kukata gauni. Hakufundishwa kupanga bei, kudai malipo ya awali wala kumkatalia shangazi anayetaka kushonewa bure. Kisha mama anaugua, na ndani ya nyumba kitu chenye bei ni kimoja tu. Cherehani kinauzwa. Mwaka unaofuata watu wale wale waliopiga picha siku ya mahafali wanasema vijana wa siku hizi hawajitumi. Maneno hayo yananiudhi sana, kwa sababu si kweli.

Fanyeni hivi. Nendeni kwanza kwa wanaonunua mishono mingi: maduka ya sare za shule, viwanda vya nguo, hoteli zinazohitaji mapazia na mashuka. Waulizeni wanahitaji watu wangapi, na mashine gani wawe wanaijua. Wakisema wanane, fundisheni ushonaji wanane. Wengine wapelekeni kwenye fani zinazohitajiwa na ujenzi unaoendelea katika miji yetu: bomba, vigae, madirisha ya alumini, viyoyozi. Wasichana wanaziweza. Kila mmoja akae miezi kadhaa chini ya fundi mwenye wateja, na fundi huyo alipwe kwa kufundisha. Mkishamaliza, wafuatilieni mwaka mzima. Fedha ambazo zingenunua vyerehani vilivyobaki zitatosha kuanzia.

Nimefanya kazi gereji miaka minane, sina cheti. Nirudi darasani?

Si lazima, ndugu yangu. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa vitendo, unaongezewa pale penye upungufu, unapewa cheti. Ila fundi umeme ajue kwamba cheti peke yake hakitoshi. Kufunga umeme majumbani kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Asiye nayo ni kishoka, hata awe hodari namna gani.

Nilipata mtoto nikiwa kidato cha pili. Nimechelewa?

Hujachelewa, mwanangu. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mabinti waliojifungua kurejea shuleni. Ukipenda ufundi, vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 nchini, na baadhi vina mahali pa kulelea watoto mama akiwa darasani. Uliza hilo kwanza kabla hujachagua fani.

Ofisi iliniambia haina nafasi kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Waandikie barua, uitaje sheria hiyo, nakala uipeleke ofisi ya kazi.

Nina karakana. Wanaotoka vyuoni hawajui kitu na wanaharibu mashine. Kwa nini niwapokee?

Kwa sababu unaandika kwenye tangazo lako "uzoefu miaka mitatu", na uzoefu huo hakuna anayekubali kuutoa. Tayari waajiri wanachangia tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023. Mmelipia mafunzo, halafu mnafunga mlango wanafunzi wanapoomba kujifunza kwa vitendo. Pokea wawili, mpe fundi wako mkuu jukumu la kuwasimamia, uandike kila wiki wamejifunza nini. Na ukiona mtaala wa chuo umepitwa na wakati, kaa meza moja na mkuu wa chuo, umwambie mashine unazotumia sasa. Kulalamika kahawani hakutawafundisha.

Kijana wa uanagenzi alipwe?

Nauli na chakula cha mchana, kwa uchache. Wapo wanaoacha njiani kwa kukosa nauli tu.