Dirii ya Kuazima

Somo la vikundi vya nyumbani na darasa la kipaimara. Someni kwanza 1 Samweli 17:31-40 na Waefeso 6:10-20.



Katika chumba tunachofundishia darasa la kipaimara ipo picha ya zamani ukutani. Inaonyesha askari aliyefunikwa chuma tangu utosini hadi vidoleni, na kila kipande kimeandikwa neno lake: kweli, haki, imani, wokovu. Miaka mingi tumeitumia picha hiyo kufundishia habari za silaha za Mungu, na kila mwaka tumeongeza maelezo yetu wenyewe. Tuliwaambia vijana kwamba vazi lile lilikuwa zito mno, hata mwenye kulivaa alipandishwa juu ya farasi kwa mashine ya kunyanyulia mizigo, na ya kuwa akianguka hawezi kuinuka peke yake. Tulidhani kwa kusema hivyo tunaonyesha ukubwa wa imani. Mwaka jana binti mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, akanyosha mkono, akasema, "Basi mimi sitaliweza." Darasa likacheka, nasi tukacheka, tukaendelea na somo. Siku Askofu alipokuja kuweka mikono, binti yule hakuwapo.

Hatusemi kwamba ni kwa ajili ya neno lile tu, maana kijana ana mambo mengi. Lakini lilitukaa moyoni, tukaona hapana budi kuchunguza kama tuliyokuwa tukifundisha ni kweli. Tumekuta si kweli. Waliotusahihisha si wataalamu wa Maandiko bali ni mafundi wa chuma, watu wa Ulaya na Marekani ambao hata leo hutengeneza kwa mikono mavazi ya vita ya namna ile ya zamani, wakifuata mifano iliyohifadhiwa katika nyumba za makumbusho.

Kwanza tuiweke picha mahali pake. Askari aliyemjua Mtume Paulo alikuwa Mrumi. Huyu wa ukutani kwetu ni mpanda farasi wa Ulaya wa miaka ya 1400, naye amekuja zaidi ya miaka 1300 baada ya Mtume. Wachoraji walikuwa na desturi hiyo. Mtakatifu Georgi, ambaye mapokeo yasema aliuawa kwa ajili ya imani mnamo mwaka 303, alichorwa na Andrea Mantegna wa Italia akiwa amevikwa chuma cha siku za Mantegna mwenyewe. Hatuwalaumu, wala hatutaibandua picha. Katika somo hili vazi zima tutaliita deraya, kipande cha kifuani dirii, na cha kichwani chapeo.

Katika miaka ya 1400 sifa za kazi hii zilikuwa Milan katika Italia, na Augsburg na Nuremberg katika Ujerumani. Mapema katika miaka ya 1500 Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza aliwaita mafundi wa nje, akawawekea karakana Greenwich, karibu na London. Bunduki zilipozidi nguvu, kazi ikafifia, na ujuzi mwingi ukaenda kaburini pamoja na wenyewe, kwa kuwa mafundi wale hawakuacha maandishi mengi. Kwa hiyo fundi wa leo hana mwalimu isipokuwa deraya yenyewe. Bahati njema ni kwamba watu wa zamani walisugua upande wa nje ukang'aa kama kioo, lakini wa ndani waliuacha. Ukigeuza dirii ya kweli utaona humo alama za nyundo, pigo kwa pigo, na mwenye macho ya kazi huzisoma kama mwandiko.

Deraya za kuigwa zilianza kupendwa tena katika miaka ya 1800. Mwaka 1839 mabwana wakubwa walifanya mashindano ya kupigana kwa mikuki huko Eglinton katika Scotland, wakiwa wamevaa vyuma. Mvua ikanyesha hata kila kitu kikawa matope, na watu wakawacheka. Lakini ulikuwako pia utaalamu wa kweli. Mwaka 1909 jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York lilimwajiri fundi Mfaransa, Daniel Tachaux, kutunza na kutengeneza deraya zake. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, karakana ile ile ikatengeneza chapeo za majaribio kwa ajili ya askari, kwa kuwa kichwa cha mtu hakijabadilika.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe. Fundi haanzi na chuma, anaanza na mtu. Humpima kifua, kiuno, bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo cha mkono, goti akiwa amesimama na goti akiwa ameketi. Zamani mkuu aliyekaa mbali aliweza kumpelekea fundi nguo zake ili apimie. Baada ya hapo hukatwa vipande vya karatasi ngumu, vikafungwa mwilini kwa uzi, na mtu akaambiwa ainame, ainue mikono, apige hatua. Mahali karatasi inapojikunja ndipo chuma kitakapomwumiza. Makosa ya karatasi hayana gharama, na mafundi wenye subira hurudia hatua hii mara nyingi.

Ndipo linapokatwa bati la chuma, nene kiasi cha milimita moja na nusu hivi. Fundi hulilaza juu ya gogo lililochimbwa shimo kama bakuli, akaligonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka lianze kubonyea. Aliyewahi kumtazama fundi bati wetu akitengeneza karai kutokana na bati la pipa ameiona nusu ya kazi hii. Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Chapeo ndefu haipatikani kwa kubonyeza tu, maana bati litakuwa jembamba pale juu, yaani mahali pa hatari hasa. Hulazwa kwa nje juu ya fuawe dogo lenye kichwa cha duara, na kugongwa safu kwa safu kuizunguka, ili chuma kijikusanye badala ya kutanuka. Chuma kinachopigwa baridi hukakamaa, na ukizidi kukipiga hupasuka. Kwa hiyo kila baada ya muda hutiwa motoni mpaka kiwe chekundu, kikaachwa kipoe polepole, ndipo kikakubali nyundo tena. Asiyejua kungoja huharibu kazi ya wiki nzima kwa pigo moja.

Umbo likiisha kupatikana, huja nyundo ya uso laini ya kufuta alama, kisha kukunja kingo zisikate ngozi, kisha msasa siku baada ya siku. Wengine hutumia chuma chenye kaboni zaidi na kukitia matiko, kama walivyofanya mafundi wengi bora wa zamani: hukichoma, hukizamisha ghafula kipoe, halafu hukipasha tena kidogo ili kisiwe cha kuvunjika kama chungu. Kuna jambo moja la watu wa zamani ambalo bati la kiwandani haliwezi kuliiga kwa urahisi. Bati la kiwandani lina unene mmoja kote. Wao waliacha dirii na uso wa chapeo viwe vinene, na mahali pasipopigwa sana wakapapunguza. Waliweka uzito palipo na hatari tu.

Kazi tunayoistaajabia zaidi ni ya viungo. Kiwiko na goti hufunikwa kwa vipande vyembamba vinavyolaliana kama magamba ya kakakuona, vikiungwa kwa ukanda wa ngozi kwa ndani, au kwa ribiti zinazoteleza ndani ya tundu refu. Ribiti ikikazwa mno, mkono haukunjiki. Ikilegea mno, panabaki mwanya wa kupitisha ncha ya upanga. Deraya moja ya Mfalme Henry wa Nane, iliyotengenezwa mwaka 1520 kwa mapigano ya miguu, imeziba mwili mzima bila kuacha mwanya, na katika miaka ya 1960 wahandisi wa Marekani waliokuwa wakishughulikia mavazi ya wasafiri wa anga walikwenda kuitazama viungo vyake.

Tukaja kwenye uzito, ambao ndio uliotukosesha. Deraya kamili ya vitani ya miaka ya 1400 ilikuwa kwa kawaida kilo 15 hadi 25 hivi. Ndoo ya maji ya lita 20, ambayo mama zetu huibeba kichwani kila asubuhi, ina uzito huo huo, nao huibeba mahali pamoja, lakini deraya imegawanywa mwili mzima. Ile ya Henry ilizidi kilo 40, lakini haikuwa ya vita, ilikuwa ya michezo. Shujaa wa Ufaransa aliyeitwa Boucicaut aliandikwa habari zake kwamba alipinduka kichwa chini miguu juu akiwa amevaa vyuma, na kupanda ngazi kwa upande wa chini kwa nguvu za mikono. Ile mashine ya kupandishia farasini tuliyowahubiria vijana ni hadithi iliyoenezwa na michezo na sinema, kama ile ya "Henry V" ya mwaka 1944.

Lakini tusije tukakimbilia upande wa pili. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwatembeza juu ya mashine watu waliozoea kuvaa deraya za kuigwa, wakapima pumzi zao. Wakaona kwamba nguvu zinazotumika ni kama mara mbili ya kawaida. Sehemu ya sababu ni chuma cha miguuni, ambacho lazima kiinuliwe kwa kila hatua; nacho kifua kimebanwa, mtu hawezi kuvuta pumzi ndefu. Kwa hiyo deraya inachosha. Yule binti hakukosea kuona kwamba kuna gharama. Sisi ndio tuliokosea kumwambia kwamba hakuna awezaye kusimama ndani yake.

Je, ni kitu gani kinachomwezesha mtu? Mafundi wote hujibu jambo moja, kwamba ni kipimo. Dirii iliyofuliwa kwa mwili wako hukaa kiunoni mwako, na mabega hayabebi yote. Ya mwenzako, hata ikiwa nyepesi kuliko yako, itakuchubua kabla ya saa moja kwisha. Siku hizi huuzwa pia deraya za mapambo, za bati jembamba, za kusimamishwa mlangoni mwa hoteli. Kwa mbali zinapendeza. Mvike mtu, mwambie ainue mkono ajikune kichwa, hawezi.

Hapa tumrudie Daudi. Sauli hakuwa na nia mbaya. Alimpa kijana kitu bora alichokuwa nacho, vazi la mfalme. Lakini Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote wa Israeli, na yule alikuwa mchunga kondoo ambaye hakuwahi kujaribu vazi lile. Daudi akajaribu kwenda, akaona haiwezekani, akavua. Twapenda kusimulia habari za kombeo na mawe, na hii tunaipita. Nasi tunaofundisha tumekuwa Sauli mara nyingi. Tumewapa vijana majibu yetu ya kukariri, sala zetu, hata hofu zetu za zamani, vyote kwa kipimo chetu, katika majuma machache kabla Askofu hajafika. Kisha tukashangaa kwamba mwaka wa pili hawaonekani. Hatukuwahi kuwapima kwa karatasi kwanza.

Lipo na jambo la pili. Deraya ina ngozi na bizimu nyingi, nyingine mgongoni, nyingine chini ya kwapa, na vyuma vya miguu hufungwa kwa kamba kwenye koti la ndani. Mtu hawezi kuivaa vema akiwa peke yake. Alikuwako kijana wa kumvika bwana wake, kuanzia miguuni kwenda juu, akivuta kila ukanda na kuuliza kama unabana. Sasa litazameni neno la Mtume katika lugha yetu: hakuandika "vaa," ameandika "vaeni." Aliliandikia kanisa. Wengine watasema ni wingi wa kawaida tu, maana barua ilikwenda kwa watu wengi, nasi hatubishani nao. Lakini katika parishi yetu wapo wadhamini waliotia sahihi katika kitabu na hawakuonekana tena mpaka siku ya sherehe na chakula. Ni nani aliyefunga bizimu za mgongoni kwa watoto wale?

Binti yule tumekwenda kumwona nyumbani kwao. Tulimwambia kwamba tulimfundisha vibaya, na tukamweleza habari za ndoo ya maji, akacheka. Alisema atafikiri. Hatukumsukuma.

Kwa majadiliano: Je, ni fundisho gani ulilopewa ulipokuwa kijana ambalo mpaka leo hulivai, umelitundika tu? Ni nani aliyekuvika wewe, na bado yu hai? Kila mdhamini na ataje kwa jina kijana aliyemsimamia, na siku alipozungumza naye mara ya mwisho. Darasa jipya litaanza baada ya Pasaka, nalo litachukua mwaka mzima badala ya majuma kumi. Katika majuma manne ya kwanza hatutafundisha neno lo lote. Tutawatembelea vijana makwao, na kuwasikiliza.