Njia Panda Yenye Mema Mawili



Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, uliondoka Bagamoyo kuja bara. Ulipofika Tabora uligawanyika: kundi moja likaelekea Ujiji, jingine likaenda kaskazini hadi Buganda. Njia zote mbili zilikuwa njema, lakini hakuna aliyeweza kuzifuata zote kwa pamoja.

Nasi tunafika njia panda kama hiyo. Binti anavutwa na utawa, na pia na ndoa. Mwalimu anapata uhamisho wenye manufaa, huku mama yake mzee akimhitaji nyumbani. Kati ya dhambi na fadhila, amri ya Mungu iko wazi. Kupambanua kunahitajika hasa pale tunapokuta mema mawili.

Mtume Paulo, msimamizi wa seminari ya Kipalapala, aliyajua hayo. Akiwa kifungoni, alivutwa huku na huku (Flp 1:21-26): kufa akae na Kristo, au kubaki duniani. La kwanza lilikuwa bora zaidi kwake mwenyewe. La pili lilihitajiwa na waamini. Aliyatazama mahitaji yao, akawa na hakika kwamba atabaki.

Mt. Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anatusaidia kwa hatua hizi:

1. Omba uhuru wa moyo, uwe kama mizani isiyoelemea upande wowote. Ukija kusali huku umekwisha kuamua, unamtaka Mungu atie sahihi tu.

2. Pima mbele ya Mungu faida na hasara za kila upande. Kuziandika kunasaidia.

3. Fikiria mtu usiyemfahamu amekuja na swali lako hilohilo. Ungemshauri nini?

4. Jione saa ya kufa kwako. Ungependa uwe umechagua lipi?

5. Mtolee Mungu uamuzi wako, umwombe authibitishe.

Ongea pia na muungamishi au mlezi wako wa kiroho. Ila kumbuka: aliyekwisha kufunga ndoa au kupewa Daraja Takatifu hachagui upya wito wake, anachagua namna ya kuuishi vema zaidi.

Baada ya kuchagua, hutokea jambo linalowatisha wengi: huzuni. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha shule ya St. Mary's hapa Tabora kuanzia 1946, na baadaye Pugu. Mwaka 1955, akiwa Rais wa TANU, ilimbidi achague kati ya darasa na siasa. Ualimu ulikuwa kazi njema, tena wenye mshahara, naye alikuwa na familia changa. Aliuacha, akarudi Butiama bila ajira. Hata hivyo, jina la Mwalimu alibaki nalo hadi kufa.

Kuchagua jema moja ni kuliaga jingine, na kuaga kunauma. Maumivu hayo peke yake si ishara kwamba umekosea. Angalia kilicho chini yake: kama ipo amani inayodumu, na upendo unaongezeka, songa mbele.

Kwa tafakari: Ni jema gani ninaogopa kuliaga? Je, nimemwambia Mungu hofu hiyo waziwazi?