Dondoo muhimu: Nyaya za intaneti kabla ya lipu
Kebo zinazobeba data kutoka kwenye ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, hupangwa kabla kuta hazijapigwa lipu, zikipitishwa ndani ya mabomba ya plastiki yaliyo mbali na nyaya za umeme, ili baadaye ziweze kuvutwa na kubadilishwa bila kubomoa. Kebo ya daraja la 6 yenye shaba halisi, wala si alumini iliyopakwa shaba, hutosha kwa umbali usiozidi mita 100. Matofali ya saruji na slabu ya zege hudhoofisha mawimbi ya waifai, ya gigahezi 5 zaidi kuliko ya 2.4, kwa hiyo nyumba ya ghorofa huhitaji kisambaza mawimbi juu na chini, kila kimoja kikiwa na kebo yake, na ni kosa kubwa kuificha ruta kabatini.