Kijana Mwenye Panga na Mama Aliyesimama Njiani

Somo la vikundi vya nyumbani
Andiko: 1 Samweli 22:1–2, 25:2–35



Sisi wa Kisauni hatuhitaji kuelezwa. Majina ya Wakali Kwanza na Wakali Wao watoto wetu wanayajua kuliko majina ya mitume. Mtu anakatwa kwa ajili ya simu, na aliyeshika panga hana hata ndevu.

Juzi mmoja wa vijana hao aliingia ibadani, akakaa benchi la mwisho. Watu wa benchi lile wakahama. Dada yetu mmoja mwenye kovu la panga mkononi alitoka nje akilia. Baadaye nikaulizwa: "Pasta, huyu tunamkaribisha ama tunaita polisi?" Mimi nilimuuliza kijana kilichomleta. Akasema, "Pasta, nimechoka kulala na viatu."

1. Nani anawakusanya?

Waliomfuata Daudi pangoni Adulamu walikuwa kama 400: wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Si ndio hawa wetu wa maskani? Nilisomea biashara, na jambo moja nalijua: palipo na uhitaji, lazima atokee wa kuutimiza. Kijana anataka chakula, jina, na mtu wa kumwita ndugu. Tusipompa sisi, atapewa na mwingine, na bei ataijua baadaye. Agosti 1997, hapa Likoni, vijana walikusanywa, wakalishwa kiapo, wakavamia kituo cha polisi. Majirani waliotoka bara wakauawa, maelfu wakakimbia makwao. Hasira yao juu ya ardhi na kazi ilikuwapo kweli. Lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kuna waliozitumia hasira hizo.

2. Hata Daudi alijifunga upanga

Tusisome haraka hapa. Nabali alikuwa na kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Daudi alituma vijana 10 kuomba chakula, wakarudi na matusi. Akaondoka na watu 400 wenye silaha, ameapa kwamba hadi asubuhi hatabakiza mwanamume nyumbani kwa Nabali. Huyu ndiye Daudi wetu wa zaburi! Alibakisha hatua chache tu awe muuaji wa wafanyakazi wasio na kosa. Kwa hiyo tusiseme "wale si watu kama sisi."

3. Abigaili alifanya nini?

Hakwenda mikono mitupu: alibeba mikate 200, kondoo 5 waliotayarishwa, na vingine. Hakumsifu Daudi kwa hasira yake. Alimwonya kwamba damu ya bure itamlemea moyo. Tena alimwonyesha kesho yake: wewe utatawala Israeli, usiingie huko na doa hili. Daudi akamshukuru Mungu kwa kuzuiwa.

4. Basi, tufanye nini?

Kijana akae. Lakini wokovu haufuti deni la yule dada. Zakayo alipookoka aliahidi kurudisha mara nne. Aliyeumizwa asikilizwe kwanza. Asilazimishwe kukaa karibu naye wala kutamka msamaha kwa sababu sisi tunataka ushuhuda mzuri. Na kijana atakwenda kituoni kusema aliyoyafanya. Najua hofu ya wazazi, kwamba mtoto akishikwa huenda asirudi. Ndiyo maana hataenda peke yake: ataenda na mzazi, wakili na mchungaji. Hatutamficha, wala hatutamtupa.

Na wewe mwenye gereji, mwenye saluni, fundi wa kulehemu: chukua kijana mmoja kabla maskani haijamchukua. Mkate wa Abigaili leo ni kazi.

Maswali ya kikundi

- Ni kijana gani wa mtaa wako unayemjua kwa sifa mbaya tu, hujawahi kuongea naye?
- Kati yetu, nani ameumizwa na hatujamsikiliza?
- Je, kuna Nabali ndani yetu: tuna vingi, na majibu yetu ni matusi?

Tuombe

Bwana, mponye dada yetu. Mfikishe kijana huyu kwenye ukweli akiwa hai. Na sisi utupe miguu ya Abigaili, tufike njiani kabla ya damu. Amina.