Uhandisi wa Fedha na Fiqhi ya Biashara: Nani Atakaa Katikati?



Ndugu zangu Waislamu, muhula uliopita dada mmoja wa mwaka wa 3 anayesoma takwimu alinijia na swali. Mhadhiri wake alikuwa amemshauri aendelee na shahada ya uzamili, kisha uzamivu, katika fani zinazokwenda pamoja katika vyuo vingi vikubwa: utafiti wa uendeshaji, uchambuzi wa vihatarishi na uhandisi wa fedha. Alifurahi mpaka aliposikia katika darsa moja kwamba fani hiyo yote "ni riba na kamari iliyovishwa hesabu", na kwamba anayeisoma anaandaa chakula cha haramu kwa ajili ya watoto wake. Akaniuliza mimi kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu. Muda wa kujibu maombi yake ya ufadhili ulikuwa wiki tatu.

Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Tuanze na fani yenyewe, maana wengi wanaihukumu bila kuijua. Utafiti wa uendeshaji haukuzaliwa benki. Ulizaliwa Uingereza karibu na Vita Kuu ya Pili, pale wanasayansi walipoitwa wasaidie jeshi kutumia vizuri rada na vifaa vingine vilivyokuwepo. Mmoja wao, mwanafizikia Patrick Blackett, pamoja na wenzake waliangalia misafara ya meli za mizigo iliyokuwa ikishambuliwa na nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki. Wakubwa wa jeshi la majini walipendelea misafara midogo. Watafiti wakapiga hesabu wakaona kinyume chake. Ukiongeza upana wa msafara mara 2, mzingo unaolindwa huongezeka mara 2, lakini eneo la ndani lenye meli huongezeka mara 4. Tena rekodi zilionyesha kwamba idadi ya meli zinazozama katika shambulio moja haiongezeki kwa sababu msafara ni mkubwa. Basi kwa walinzi walewale, msafara mkubwa huokoa watu wengi zaidi. Hapo pana riba gani?

Sisi tunaosoma Qur'an tuna mfano ulio karibu zaidi. Nabii Yusuf (a.s.) aliipokea ndoto ya mfalme kama taarifa ya hatari inayokuja: miaka 7 ya mavuno, kisha miaka 7 ya shida. Hakuishia kutafsiri. Alitoa mpango: walime, waache nafaka katika masuke yake, wale kidogo tu, wahifadhi nyingine. Halafu akaomba apewe usimamizi wa hazina, akitaja sifa 2 za kazi hiyo, uangalifu na ujuzi. Sisemi kwamba Yusuf alisoma utafiti wa uendeshaji. Nachoshwa na makala zinazoufanya kila uvumbuzi uwe umeshatajwa katika Qur'an. Ninachosema ni kwamba kupanga akiba kwa ajili ya siku isiyojulikana si kupingana na tawakkul.

Chukueni mfano wa hapa chuoni. Tuseme katika Ramadhani jumuiya yetu inauza sahani za futari. Sahani inatugharimu shilingi 3,000 na tunaiuza 5,000. Inayobaki hatuiuzi kesho. Mwaka jana, katika siku 10 tulizoandika, wanunuzi walikuwa 60, 65, 70, 75, 80, 85, 90, 95, 100 na 105. Je, leo tuagize sahani ngapi? Wengi watasema tuchukue wastani, yaani kama 82. Wenye huruma watasema 105 ili asikose mtu.

Hesabu inauliza jambo jingine: kukosea upande upi kunauma zaidi? Sahani moja ikipungua tunakosa faida ya 2,000. Ikizidi tunapoteza 3,000. Gawanya 2,000 kwa jumla ya 5,000, unapata asilimia 40. Maana yake tuagize kiasi ambacho katika siku 4 kati ya 10 wanunuzi hawakukizidi. Kiasi hicho ni 75. Ukipiga hesabu ya siku zote 10, kuagiza 75 au 80 kunaleta faida ya wastani ya shilingi 135,000 kwa siku. Kuagiza 105 kunaleta 97,500. (Kama lengo ni sadaka na si biashara, basi gharama ya mtu kukosa futari ni kubwa zaidi katika mizani yetu, na jibu linabadilika. Hesabu haikuchagulii nia.) Swali hili dogo la muuza chakula ndilo linalopanga dawa katika bohari za hospitali, damu katika hifadhi, na akiba ya fedha taslimu katika benki.

Sasa tufike kwenye sehemu yenye moto, uhandisi wa fedha. Hapa siwezi kusema kwamba waliotoa onyo hawana hoja. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha fomula ya kupima bei ya opsheni, yaani mkataba unaokupa haki, bila kukulazimisha, ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyokubaliwa leo. Robert Merton aliiendeleza mwaka huohuo. Ndani ya fomula hiyo kuna riba waziwazi: kiwango cha fedha iliyokopeshwa bila hatari. Mwaka 1997 Scholes na Merton walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Black alikuwa amefariki mwaka 1995. Mwaka uliofuata tuzo hiyo, mfuko wa Long-Term Capital Management, ambao wote wawili walikuwa washirika wake, ulianguka kwa sababu ya mikopo mikubwa juu ya mtaji mdogo. Benki kubwa zililazimika kuingiza dola bilioni 3.6 ili usiwaburute wengine. Mwaka 2008 dunia ikaona tena, safari hii kwa mikopo ya nyumba iliyofungwa vifurushi na kupimwa kwa fomula zilizodhani kwamba nyumba za mji huu na ule haziwezi kuanguka bei pamoja.

Na maulamaa wamesema. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 huko Jeddah mwaka 1992, iliamua kwamba mikataba ya opsheni kama inavyouzwa katika masoko ya dunia haijuzu, kwa kuwa kinachouzwa si mali, wala manufaa, wala haki ya kifedha inayoweza kulipiwa. Huo ni uamuzi ninaoufuata.

Lakini tazameni kilichotokea mwaka mmoja baadaye. Katika kikao cha 8, Brunei, mwaka 1993, Akademia hiyohiyo iliruhusu bai'u al-'arbun, yaani mnunuzi anatoa kishanzu, akinunua kinahesabiwa katika bei, akiacha kinabaki kwa muuzaji, kwa sharti kwamba muda uwe umewekwa mpaka. Sisi Mashafii tunajua kwamba madhehebu yetu, pamoja na jumhuri, hayakuiruhusu. Imam Ahmad ndiye aliyeiruhusu, na Akademia ikachukua kauli hiyo. Sasa niambieni: muuzaji wa nyumba anayeizuia kwa miezi 3 kwa ajili ya mnunuzi mmoja, kishanzu cha haki ni kiasi gani? Kikiwa kikubwa mno tunamla mnunuzi, kikiwa kidogo mno tunamdhulumu muuzaji aliyewakataa wengine. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa dalili za fiqhi peke yake. Linahitaji mtu anayejua bei za nyumba huyumba kiasi gani kwa miezi 3. Hisabati ya mtu huyo inafanana sana na ile ya opsheni, ila anajua ni wapi aikate na kwa nini.

Jambo hilohilo lipo katika gharari. Mtume (s.a.w.) alikataza biashara ya gharari, na maulamaa wakakubaliana kwamba gharari ndogo inasamehewa na iliyo nyingi inabatilisha. Unanunua jubba bila kuona pamba iliyojazwa ndani yake, hakuna tatizo. Unanunua samaki aliye baharini, haijuzu. Katikati ya jubba na samaki kuna mikataba elfu. Mchumi wa Kisaudia Sami Al-Suwailem aliandika makala akitafuta kipimo cha gharari kwa kutumia nadharia ya michezo: mkataba ambao faida ya mmoja lazima iwe hasara ya mwenzake, na matokeo yenyewe hayajulikani, ndio ulio karibu na kamari. Unaweza kumpinga, na wapo waliompinga. Lakini ili umpinge lazima kwanza uelewe hesabu yake. Wangapi kati yetu tunaosoma fiqhi tunaweza?

Hapo ndipo jibu langu kwa dada yule lilipo. Hapa Uganda sheria ya taasisi za fedha ilirekebishwa mwaka 2016 ikaruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapata leseni ya kwanza. Sheria inazitaka benki za namna hiyo ziwe na bodi ya washauri wa sharia. Bodi ikiletewa mkataba wenye kurasa 40 na jedwali la vihatarishi nyuma yake, masheikh watasoma mkataba na wahasibu watasoma jedwali. Atakayesoma vyote viwili lazima afundishwe na mtu, na mtu huyo ni mhadhiri. Kwa hiyo nilimwambia asiogope jina la fani. Aogope kazi fulani ndani ya fani. Kujua namna sumu inavyofanya kazi si kuiuza, na chuo kikuu ni mahali ambapo mtu anaweza kuchagua swali lake la utafiti kwa uhuru ambao mwajiriwa wa dawati la biashara la benki hana.

Kuhusu njia yenyewe, nimeuliza wahadhiri na nimesoma, nami nawapa yaliyo muhimu. Anayetaka kuwa msomi wa fani hizi anahitaji uzamivu. Uzamili peke yake humpeleka mtu kazini zaidi kuliko kwenye uhadhiri. Na hapa kuna jambo la dini ambalo darsa halikuligusa. Nchini Marekani shahada nyingi za uzamili katika uhandisi wa fedha hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe, makumi ya maelfu ya dola, na wengi hukopa kwa riba. Uzamivu ni kinyume: kwa kawaida chuo humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho kwa kusaidia kufundisha au kutafiti, kwa miaka kama 5. Princeton ina idara nzima yenye jina la utafiti wa uendeshaji na uhandisi wa fedha. Kwa hiyo anayekimbia riba asidhani mlango mfupi ndio salama.

Karibu na nyumbani kuna AIMS, taasisi ya Kiafrika ya sayansi za hisabati iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na yenye kituo Kigali tangu 2016. Uzamili wake umejengwa juu ya ufadhili, na wenzetu wa Rwanda na Burundi wako karibu nacho kuliko sisi. Malaysia kuna INCEIF, iliyoanzishwa na benki kuu ya nchi hiyo mwaka 2005 kwa ajili ya fedha za Kiislamu tu. Na kanda yetu ina chama cha utafiti wa uendeshaji, ORSEA, kinachounganisha shule za biashara za Dar es Salaam, Nairobi na Makerere. Mikutano yake ni mahali pa kusikia watu wetu wakitoa hesabu za barabara zetu na masoko yetu.

Mzigo wa masomo ni uwezekano, aljebra ya matriksi, kalkulasi, na kuandika programu. Usipopenda uwezekano, acha mapema. Kwa sisi wa masomo ya Kiislamu nasema hivi: tusijitoe kwa kusema hesabu si zetu. Al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad, sehemu kubwa aliitenga kwa wasia na mirathi. Katika zama za Umar (r.a.) alikufa mwanamke akaacha mume na dada wawili; nusu na theluthi mbili zikazidi mali yenyewe, 7 juu ya 6. Masahaba wakaigawa mali mafungu 7, mume 3 na dada 4, kila mmoja akapungukiwa kwa uwiano wa haki yake. Huo ni uamuzi wa kugawana upungufu, na mahakama za ufilisi leo hugawa mali ya aliyefilisika kwa njia inayofanana.

Dada yule ametuma maombi. Sharti alilojiwekea ni kwamba mada yake ya utafiti iwe katika takaful au kilimo, na ameniomba nimpe kitabu cha fiqhi ya miamala cha kuanzia.

Muhula ujao, inshaAllah, tutakaa sote kila Jumamosi baada ya Alasiri katika chumba cha pembeni mwa msikiti wa chuo, wa takwimu na wa sharia pamoja. Njooni na daftari na kikokotoo. Swali la kwanza ni hili: mnunuzi anataka kuwalipa wakulima wa kahawa wa Mlima Elgon kwa mkataba wa salam, fedha zote leo, kipimo na muda vikijulikana, mavuno miezi 6 mbele. Je, anunue kwa salam kiasi gani cha mahitaji yake, na kiasi gani asubiri bei ya sokoni? Na mvua ikikosa, mkulima anadaiwa nini?

Wassalaam alaykum.