Paka Mwoga na Sindano ya Usingizi: Maandalizi Kabla ya Kwenda kwa Daktari wa Mifugo

Kijitabu hiki ni cha wakazi wa Kisegi na fuo nyingine za Homa Bay na Migori wanaofuga paka ili panya wasitafune nyavu wala kutoboa magunia ya mahindi. Paka wengi wa huku hujitembelea wapendavyo. Hawajawahi kufungiwa, kubebwa wala kushikwa na mgeni. Siku wanapohitaji daktari, mara nyingi ni kwa jambo zito: ndoana iliyonasa mdomoni, jeraha la kuumwa na mbwa, au upasuaji wa kufunga uzazi. Kazi kama hizo hazifanyiki paka akiwa macho na anapigana. Ndipo daktari humchoma sindano ya kumtuliza au kumlaza.

Hofu huipunguza nguvu dawa hiyo. Paka aliyefukuzwa hadi chini ya kitanda, akatiwa kwenye gunia na kuning'inizwa ubavuni mwa pikipiki, hufika moyo ukimwenda mbio, na kipimo ambacho kingemlaza akiwa mtulivu hakimlazi tena. Daktari hulazimika kuongeza dawa, na kila nyongeza ni mzigo kwa moyo na mapafu. Kwa hiyo unayoyafanya nyumbani siku kadhaa kabla ya safari ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Kikapu kabla ya safari

Gunia halifai. Paka hukosa hewa, hujiumiza akijitupatupa, na daktari hawezi kumtoa bila vita. Tafuta kikapu kigumu chenye mfuniko, katoni nene iliyotobolewa matundu, au vikapu viwili vya plastiki vya nguo ulivyovifunikanisha mdomo kwa mdomo na kuvifunga kwa mpira wa tyubu ule wanaofungia mizigo ya bodaboda. Chombo kinachofunguka kwa juu ndicho bora, maana paka anaweza kuchomwa sindano bila kuvutwa nje.

Kiweke ndani ya nyumba, kikiwa wazi, wiki moja au mbili kabla ya siku yenyewe. Tandika nguo anayoilalia, yenye harufu anayoijua. Kila jioni mtilie omena chache, kwanza mlangoni mwa kikapu, kisha ndani kabisa. Usimsukume. Akiingia na kula kwa hiari, funga kwa muda mfupi na ufungue kabla hajaanza kulia. Mpaka siku ya safari awe amekwisha kukizoea kama mahali pa kulia chakula.

Kikapu hichohicho kitakusaidia kumpima uzito. Kitundike kwenye mizani ya kulabu inayotumika kupimia samaki ufuoni, paka akiwa ndani, halafu utoe uzito wa kikapu kitupu. Mpe daktari hesabu hiyo. Dawa za kutuliza hupimwa kwa kilo, na kwa mnyama wa kilo tatu, kukosea kwa nusu kilo si jambo dogo.

Zungumza na daktari mapema

Mweleze kwamba paka wako ni mwoga: je, hujificha, hukwaruza, au huganda asitikisike? Kuganda nako ni hofu, ingawa wengi hukuona kuwa ni upole. Mwambie pia kama ana mimba, ananyonyesha, anakohoa, au amewahi kupewa dawa yoyote. Madaktari wengi siku hizi hutoa kwanza dawa ya kumeza, hasa gabapentini, ambayo mwenye paka humpa nyumbani saa mbili au tatu kabla ya miadi. Humpunguzia woga na kumfanya ayumbeyumbe kidogo. Ni chungu, na paka anaweza kutoa povu mdomoni kwa dakika chache kwa sababu ya uchungu huo tu; usitishike.

Usijaribu dawa za watu kwa kukisia. Panadol, au dawa yoyote nyingine yenye parasetamoli, inaweza kumuua paka hata kwa kidonge kimoja. Na anayemchoma sindano awe mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011. Una haki ya kuomba kuona cheti chake.

Usiku wa kuamkia safari

Hapa ndipo wengi hushindwa. Baadhi ya dawa za sindano ya usingizi, zailazini kwa mfano, humtapisha paka, na matapishi yakiingia mapafuni anaweza kufa. Kwa hiyo daktari atataja saa za kukaa bila chakula. Lakini ufuo wa omena iliyoanikwa ni sahani isiyoondolewa mezani: ukimwacha nje, atakuwa ameshiba kabla ya alfajiri. Mfungie jioni katika chumba kidogo kisicho na mwanya wa kupandia darini. Mwekee beseni la mchanga la haja na maji ya kunywa. Vitoto vya paka visishindishwe njaa muda mrefu, sukari ya mwili hushuka upesi. Fuata saa zao kama utakavyoelezwa.

Kwa ndoana, usingoje maandalizi ya wiki. Ukiona uzi wa mshipi ukichungulia mdomoni, usiuvute, kwani utaizamisha ndoana zaidi kooni. Usiukate karibu na mdomo pia, maana huenda daktari akaufuata kuipata ndoana. Mviringishe paka kwa leso, mtie kikapuni, uondoke.

Njiani na kwa daktari

Ondoka asubuhi kabla jua halijawa kali. Funika kikapu kwa leso, uache nafasi ya hewa. Kwenye bodaboda kipakate. Kwenye matatu usikubali kiwekwe nyuma pamoja na mbuzi na kuku. Ukifika, kiweke juu ya benchi, mbali na mbwa. Siku za chanjo uwanjani huwa na mbwa wengi na makelele, kwa hiyo omba uhudumiwe mwisho, au daktari aje nyumbani ikiwezekana. Baada ya sindano, acha kikapu kimefunikwa na kimya. Kumfunuafunua kuona kama amelala kunaweza kumzindua.

Hofu na kichaa

Paka aliyekuwa mpole akageuka ghafla mkali, anayumba, anadondokwa mate na hajapewa dawa yoyote, usimshike kabisa. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Piga simu ofisi ya mifugo. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kenya imejiwekea lengo, katika mpango wa mwaka 2014, la kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Ikiwa paka wako hajachanjwa, muulize daktari kama anaweza kumchanja katika safari hiyohiyo.

Kurudi nyumbani

Paka aliyetoka usingizini hupoa mwili haraka na huyumba kama mlevi. Mlaze sakafuni juu ya nguo kavu, kwenye giza na utulivu, mbali na jiko na ndoo za maji. Mpe maji kidogo anapoweza kusimama imara, chakula kidogo baadaye. Maziwa au uji wa kumnywesha kwa nguvu humpalia. Asitoke nje hadi kesho yake. Rudi kwa daktari upesi ukiona ufizi umekuwa mweupe au wa buluu, anapumua kwa shida, au saa zinapita na hawezi kuinua kichwa. Kama una paka mwingine, watenge usiku huo: harufu ya dawa humfanya yule wa nyumbani asimtambue mwenzake, akamvamia kabla hajaweza kujitetea.