Kinywe kikisakwa kijijini kwako, sema mapema na kwa maandishi

Desemba 2023 China ilianza kudhibiti uuzaji wa kinywe (grafiti) nje ya nchi. Tangu hapo viwanda vya betri vinakisaka kwingine, na Ruangwa, wilaya jirani na Masasi yetu, kipo. Gari la watafiti likifika kwenu, uwe tayari.

Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe, na mkutano unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Usiseme "tunaonewa" ukakaa. Uliza jambo linalojibika: ajira ngapi za vijana wa hapa, barabara ipi, lini. Mtendaji aliandike kwenye muhtasari, usomwe kabla hamjatawanyika. Lisiloandikwa, wilayani halijasemwa.

Newala, anzeni na maji. Bei ya ndoo kiangazi mnaijua. Mgodi utachota wapi, na nyie mtabaki na nini?

Sasa fidia. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tulia. Kabla mthamini hajaja, hesabu mikorosho yako mwenyewe: inayozaa, michanga, iliyozeeka. Piga picha kwa simu. Siku ya tathmini tembea naye mpaka hadi mpaka, ukiwa na jirani mnayepakana naye. Dada, kama shamba ni lenu wawili, jina lako liwemo kwenye fomu. Linganisha hesabu ya mthamini na yako, ndipo usaini. Nakala ibaki kwako. Akikuharakisha, mwambie utasaini ukishasoma.

Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii (CSR) kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Mwombe diwani nakala. Usipoipata, andikia halmashauri kwa kutaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Halmashauri ina siku 30 za kukujibu. Peleka barua mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, urudi nayo.

Kazi ya kukataa kwa pamoja unaijua tayari. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnada wa korosho, na Novemba serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo yalichelewa kwa wengi, ndiyo, lakini sauti ilisikika. Kwenye vurugu za kupinga bomba la gesi mwaka 2013 tulizika watu mkoani Mtwara, na bomba likajengwa. Mimi nataka urudi nyumbani mzima.

Chagua wakati vilevile. Kuanzia Oktoba akili za watu ziko shambani na ghalani, na mkutano wa watu kumi na tano haumtishi mtu. Hoja nzito ipeleke kabla ya msimu, na umuulize mtendaji leo mkutano ujao ni tarehe ngapi.